Kisanduku cha Beti Mbili

Shangazi yangu Drusilla haogopi ng'ombe mkali, wala mkutano wa kanisa, wala karani wa kituo cha majani chai. Anaogopa soketi. Soketi ya asubuhi hana neno nayo, anapigia pasi bila wasiwasi. Anayoiogopa ni soketi ya alasiri, wingu jeusi linapopanda kutoka upande wa Nyamira na wachuma chai kuanza kukimbia na vikapu mgongoni.

Kwetu Chepilat mvua huja karibu kila alasiri, na huja na radi zake. Wenzake wakianua nguo, shangazi huanua stima. Anaanza na televisheni, anaenda kwa friji, redio, chaja za simu, mpaka taa ya mezani ambayo haijawahi kuwaka. Kila waya anauviringa mkononi na kuulaza juu ya kochi, mbali na ukuta, kana kwamba ukiachwa karibu utajirudisha wenyewe. Kisha anafunika kioo kwa leso na kupaza sauti juu ya ua:

"Mama Okemwa, umechomoa?"

"Nimechomoa, dada," jirani hujibu, hata siku ambazo stima imepotea tangu asubuhi.

Yote haya yalianzishwa na televisheni moja, ambayo marehemu mumewe aliileta nyumbani kwa mkokoteni. Haikuwa imemaliza juma radi ilipoingia kwa waya wa antena na kuila. Shangazi husimulia habari hiyo kwa sauti ileile anayosimulia msiba.

Mwanawe wa mwisho ni Vinny. Ndugu zake walishahamia mbali, na kwa desturi yetu kitindamimba ndiye hubaki na mama, na nyumba huwa yake. Vinny hupiga video za harusi na mazishi, za Wakisii upande huu na za Wakipsigis upande ule, na watu wa pande zote mbili humpenda kwa sababu huwapiga wakiwa wanene kidogo kuliko walivyo. Kazi zake zote alikuwa akiziweka kwenye diski moja ndogo iliyoning'inia kwenye kompyuta yake hapo sebuleni.

Alasiri moja ya Aprili aliiacha kompyuta ikihamisha harusi ya Chepkemboi wa Silibwet kutoka kwenye kadi ya kamera, akaenda kunyolewa. Ngurumo ikalia. Shangazi akachomoa.

Vinny aliporudi na kufungua ile video, bibi harusi aliingia vizuri, kwaya ikaimba vizuri, halafu mjomba wa bibi harusi akasimama kuhutubia na kuganda hapo hapo, mdomo wazi. Baada ya mdomo huo hapakuwa na kitu, si kwenye kadi, iliyoharibika stima ilipokatwa, si kwenye diski. Baba ya Chepkemboi alisema hotuba ile ilitosha mara ya kwanza. Lakini keki ilikuwa imepotea, na baraka za bibi yake pia, na Chepkemboi alimpigia Vinny simu akilia.

Vinny hakugombana na mtu. Hilo ndilo lililomtisha shangazi. Alisubiri chakula cha jioni, akaukata ugali wake, akasema:

"Mama, nimepata chumba Sotik, juu ya duka la mbegu. Nitanunua kisanduku cha diski cha kuhifadhia kazi zangu, nikiweke huko. Mwisho wa mwezi nahama."

"Huko Sotik radi haifiki?"

"Inafika. Mikono yako ndiyo haifiki."

Shangazi aliacha kula. Alimtazama Vinny, akaitazama kompyuta, akamtazama tena Vinny.

"Na ukipata sanduku ambalo naweza kukaa nalo hapa?"

"Mama, hakuna."

"Nimeuliza ukipata."

Vinny alifikiri. "Liwe la diski mbili, na usilichomoe likiwa kazini. Hapo nitakaa."

"Basi kesho nakuja na wewe dukani. Na Janefer anakuja. Amesoma chuo kikuu, atasoma hayo maboksi."

Janefer ndiye mimi, na nilisomea fasihi. Sikuona kama ulikuwa wakati wa kumkumbusha.

Duka tulilokwenda Sotik ni la kijana mmoja aitwaye Johana, mpole, mwenye subira. Shangazi alimwamkia "Chamgei," naye akafurahi kuamkiwa kwa lugha yake, bila kujua asubuhi yake itakuwaje. Akatupangia mezani visanduku vitatu vya maonyesho. Cha kwanza kina diski moja. Cha pili kina diski mbili, kila kitu kinaandikwa mara mbili, moja ikifa nyingine inabaki. Cha tatu kina diski nne, na Johana alisema hicho ni cha ofisi. Vyote unaviunganisha na wifi ya nyumbani, simu za watu wote zinahifadhi picha humo, na filamu unaitazama kwenye televisheni bila kugusa kompyuta.

"Inaingiza video ngapi?" Vinny aliuliza.

"Ngoja kwanza," shangazi alisema. "Inazimika vipi?"

Johana akamwonyesha kitufe. Unakibonyeza, kisanduku kinafunga kazi zake polepole, taa ya mbele inapepesa, ikizima ndipo unachomoa.

"Inapepesa kwa muda gani?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo ya nani? Ya radi ama yako?"

Johana akacheka, akaleta boksi zito. "Basi chukua na hii betri. Hata stima ikipotea, ama uchomoe, kisanduku kinaendelea tu."

"Nikichomoa inaendelea?"

"Inaendelea kabisa."

"Sasa nimechomoa nini?" Shangazi alimgeukia Vinny. "Ung'olewe jino na bado linatafuna. Huyo daktari amefanya nini?"

Johana akairudisha betri mahali pake. Shangazi akaweka kibeti chake juu ya meza na kuagiza visanduku viwashwe, kimoja kimoja.

Sikuelewa alichotaka mpaka Johana alipobonyeza kitufe kukizima cha kwanza, na shangazi, macho yamefumbwa, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Shangazi hana saa, na simu haigusi wakati wa radi. Wimbo ndio kipimo alichokuwa na uhakika wa kuwa nacho. Nilijisogeza hadi kwenye rafu ya spika nikajifanya nasoma bei.

"Janefer, shika sauti ya pili. Nikiimba peke yangu nakimbia."

Nikashika sauti ya pili, nikiwa nimeikabili spika. Mzee mmoja aliyekuja kununua chaja akavua kofia na kutia besi. Kisanduku cha diski moja kilizima kabla hatujafika kwenye kiitikio.

"Ubeti mmoja," shangazi alisema. "Leta kile kingine."

Cha diski mbili kilitaka beti mbili na viitikio vyake. Cha ofisi kilitumaliza. Wimbo uliisha, mzee akalipia chaja yake na kutuaga kwa baraka, taa bado inapepesa.

Shangazi alikishika kile kidogo, akakipapasa kama anayechagua kuku.

"Hiki cha ubeti mmoja ni kizuri."

"Ni cha diski moja, Mama," Vinny alisema taratibu. "Ikifa, imekufa na harusi za watu. Kama unakitaka, chukua uweke picha zako. Mimi nitachukua hiki cha mbili niende nacho Sotik."

Shangazi akageukia mlango. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Beti mbili ni ndefu," shangazi alisema.

"Mama, unaweza kuimba haraka," Johana alijaribu kusaidia.

"Wimbo wa Mungu hauimbwi haraka, kijana." Akakirudisha kile kidogo. "Funga hicho cha mbili. Kinaenda Chepilat."

Mvua haikumpa nafasi ya mazoezi. Vinny alikiweka kisanduku kwenye rafu ya sebuleni, akakiamuru kianze kunakili kazi zake zote za zamani, akatoka kwenda kumwona jirani. Wingu likapanda. Ngurumo ya kwanza shangazi alichomoa televisheni, ya pili friji na redio. Kisha akasimama mbele ya rafu, akabonyeza kitufe, akashika waya kwa mkono wa kulia na kuanza kuimba.

Beti mbili zikapita. Taa ikapepesa. Kisanduku cha dukani kilikuwa kitupu. Hiki kilikuwa kimemeza mazishi matatu na hakikuwa na haraka. Mabati yakatikisika kwa radi. Vinny aliingia amelowa, akauona mkono wa mama yake umekaza kwenye waya. Akanyoosha wake kumzuia. Halafu akaurudisha, akabaki amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

Shangazi akaimba ubeti wa tatu, na wa nne. Wimbo ukaisha. Akakitazama kisanduku kama mgeni asiyejua kuaga.

"Na wewe, huoni watu wamemaliza?"

Akaanza mwingine, na uliomjia mdomoni ulikuwa wa mazishi. Radi ikapiga tena, lakini noti hakuiacha. Katikati ya kiitikio taa ikazima. Akachomoa, akauviringa waya, akaulaza kochini na kuketi kando yake kwa nguvu.

Vinny akatoa simu mfukoni.

"Weka hiyo kitu chini," shangazi alisema. "Husikii radi?"

"Nilitaka kumpigia mwenye chumba cha Sotik."

"Kumwambia nini?"

"Ampe mtu mwingine."

Shangazi akaunyoosha vizuri ule waya kochini. "Atangoja," alisema. "Mvua kwanza iishe."