Nyekundu Iliyogeuka Majivu

Uwimbabazi alikuwa na mazoea ya kukata utepe kwa meno. Mkasi ulikuwepo, umetundikwa kwenye msumari mlangoni mwa stoo, lakini alisema mkasi unamchelewesha. Alivuta utepe, akauma, akauzungusha kwenye ncha ya waya na kuukandamiza kwa kidole gumba. Utepe mwekundu kwa waya wa mita kumi. Kijani kwa mita kumi na tano. Njano kwa ishirini, bluu kwa thelathini.

Stoo hiyo iko Kamembe, nyuma ya nyumba ya Ridhwani, na ndege inaposhuka mabati yake hutetemeka. Ridhwani ni fundi umeme, mtoto wa wauza vitambaa Waislamu wa pale mjini. Yeye na Uwimbabazi hukodisha taa za jukwaa kwa harusi, kwaya na mikutano ya injili. Mwanamke huyo alikulia Bukavu, akajifunza kazi ya taa kwa orkestra moja ya mtaani, kisha akavuka mto na kurudi Rwanda na binti yake, Larissa, alipomaliza kumzika mama yake. Tangu hapo watu wanamwita Maman Larissa.

Asiyeijua kazi hii atauliza rangi ni za nini. Nyaya za jukwaa zote ni nyeusi, na ya mita kumi ikikunjwa vizuri haitofautiani sana na ya kumi na tano. Ukikosea, waya mfupi unakaza kama kamba ya mbuzi anayetaka kutoroka. Mguu wa mtu mmoja ukiugusa tu, nguzo inakuja chini na taa zake zote. Kwa hiyo Uwimbabazi alifunga utepe wa rangi kila ncha, na kwa miaka hakuna nguzo iliyoanguka.

Mwaka mmoja alikohoa hadi akakonda. Kituo cha afya kilimpima, kikamkuta na kifua kikuu, na akaanza kumeza vidonge kila asubuhi. Kikohozi kikapungua, nguvu zikarudi. Akarudi stooni na moyo mweupe.

Asubuhi moja alifungua mlango, jua likaingia hadi ukutani, na hakuona waya hata mmoja wenye utepe mwekundu.

Njano zilikuwepo. Bluu zilikuwepo. Katikati yake zilining'inia nyaya nyingi zenye utepe wa rangi moja iliyofifia, kama majivu yaliyonyeshewa mvua. Hata kijani hakukiona. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu ameingia, akabandua utepe wake na kubandika mwingine. Akaushika mmoja, akausogeza karibu na uso. Pembeni palikuwa na alama za meno. Lile jino lake la mbele lililovunjika kidogo lilikuwa limeacha kikato chake pale pale. Utepe ulikuwa wake. Hakuna aliyeugusa.

Ridhwani aliingia akiwa na kikombe cha chai.

“Ridhwani, hii iko rangi gani?”

“Rouge, nyekundu,” akajibu bila kusimama. “Kwani unanijaribu?”

Akacheka kidogo, naye Uwimbabazi akacheka ili amfuate. Ridhwani alipotoka, Uwimbabazi aliketi juu ya boksi la taa na kuitazama mikono yake.

Siku hiyo alipita sokoni. Nyanya zilirundikwa kama mawe ya mtoni. Mwanamke aliyekuwa akiuza pilipili alimwita: “Maman, kamata hii, tazama vile imeiva!” Akamnyooshea kitu chenye rangi ya jani lililokauka. Watu walitaja rangi, wakachagua, wakabishana, na Uwimbabazi alisimama katikati yao kama mtu anayesikiliza habari za nyumba ambayo yeye hajafunguliwa mlango. Nyumbani, Larissa alikuwa amevaa sweta lake la shule. Uwimbabazi alilifua sweta hilo kila wiki. Sasa hakujua tena ni la rangi gani.

Hakumwambia mtu, na alikuwa na sababu. Kule Bukavu, katika juma la mwisho la maisha yake, mama yake alikataa kula. Alisukuma sahani na kusema, “Munanipikia majivu. Batu banakulaka majivu?” Maharage yalikuwa mekundu, yamekolea mafuta ya mawese. Siku chache baadaye walimzika. Uwimbabazi aliamini kwamba kile alichokiona mama yake ndicho kilichomfikia yeye sasa, na kwamba kukitaja kwa mdomo ni kukiharakisha. Akaendelea kumeza vidonge vyake. Muuguzi alipomuuliza kama kuna tatizo, akasema hakuna.

Stooni alijifunza kupima nyaya kwa uzito, akizishika moja moja mkononi huku amefumba macho. Alipatia mara nyingi.

Ndipo ikaja kazi ya kule Nkanka. Kwaya ya kanisa ilikuwa inaadhimisha mwaka wa kuanzishwa kwake, na ukumbi wao ulitazama ziwa. Ilikuwa Jumamosi mchana. Madirisha yalifunikwa kwa vitambaa vyeusi ili taa zionekane, na humo ndani wanakwaya walikuwa wakijaribu nyimbo wakiwa na kanzu mpya.

“Kanzu zao zinawaka kama moto!” Ridhwani alisema.

Uwimbabazi aliangalia. Aliona safu za watu waliovaa rangi ya udongo wa kaburi, midomo yao ikiwa na rangi ile ile ya nyuso, wakifungua vinywa na kuimba. Sauti ilikuwa nzuri sana. Aligeuka akashughulika na maboksi.

Ridhwani alikuwa juu ya ngazi, kando ya nguzo ya taa. “Maman Larissa! Niletee moja ya vert, ya kumi na tano!”

Nyaya zilikuwa chini, zimerundikana baada ya safari. Hakuwa na nafasi ya kuzipima moja moja. Ridhwani alikuwa anangoja, kwaya inatazama. Akachukua moja, akampa ncha, akaburuta ncha ya pili hadi kwenye soketi. Haikufika vizuri. Akaivuta kwa nguvu, ikaingia.

Mwanakwaya mmoja alirudi nyuma hatua mbili ili kuwapisha wenzake, na kisigino chake kikagusa waya uliokaza. Nguzo ikainama. Ridhwani aliruka kutoka kwenye ngazi, na pembe ya taa ikamchana mkono kutoka kiwiko kwenda chini.

Wimbo ukakatika. Uwimbabazi alimwona Ridhwani ameketi sakafuni, ameshika mkono wake, na kando yake kimiminika cheusi-cheusi kinatandaa kwenye vigae. Akafikiri ni mafuta, kwamba kopo la mafuta ya jenereta limepinduka. Akachukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kupangusa sakafu.

“Ngoja, usikanyage huku, kuko mafuta,” akasema.

Aliendelea kupangusa. Kimiminika kilikuwa cha uvuguvugu. Alipoinua kichwa, aliona kwaya nzima inamtazama, na uso wa Ridhwani ulikuwa umejaa hofu, hofu ya kumwogopa yeye.

“Maman Larissa,” akasema polepole, “unafanya nini? Iko damu. Iko damu yangu.”

Uwimbabazi alivitazama viganja vyake. Akavileta puani. Harufu ilikuwa ya damu. Macho yake yakaendelea kumwonyesha tope. Hapo ndipo alipopiga kelele.

Walimpeleka Ridhwani kwenye kituo cha afya cha jirani. Muuguzi aliyekuwa zamu, Niyonsenga, alimshona huku Uwimbabazi ameketi kwenye benchi. Ridhwani hakumwacha anyamaze.

“Mwambie,” akasema, meno yameumana kwa maumivu. “Mwambie ile kitu uliniuliza kwa stoo. Leo umepangusa damu yangu kama mafuta. Usinifiche tena.”

Uwimbabazi akasema yote, ya utepe, ya nyanya, ya mama yake. Niyonsenga alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu:

“Kuko dawa unakunywa?”

“Za kifua.”

Mkono wa muuguzi ukasimama. Akachukua jalada jekundu mezani, akamwinulia. “Hii?”

“Majivu.”

Akainua la bluu. “Na hii?”

“Bluu.”

Jumatatu alipelekwa hospitalini. Daktari alimweleza kwamba kati ya dawa zake kuna moja ambayo kwa watu wachache hushambulia mshipa wa jicho, na rangi za kwanza kuondoka huwa nyekundu na kijani. Aliisimamisha siku hiyo hiyo, nyingine zikaendelea. Uwimbabazi aliuliza kama rangi zitarudi.

“Mara nyingi zinarudi,” daktari akasema. “Pole pole. Kama ungenyamaza zaidi, ungeweza kupofuka.”

Ridhwani alinuna kwa muda. Halafu akaja stooni na kamba ya katani. “Funga mafundo,” akamwambia. “Fundo moja kwa kumi, mawili kwa kumi na tano. Kidole hakidanganyi.” Wakafunga pamoja, Ridhwani akitumia mkono mmoja. Kuhusu mama yake, Uwimbabazi hakupata jibu. Daktari hakumjua marehemu, na hakuna aliyekumbuka naye alikuwa akipewa dawa gani.

Miezi ilipita. Walikuwa kwenye lori kuelekea Bweyeye, asubuhi, barabara imekatwa na mvua ukingoni mwa msitu wa Nyungwe, alipomwomba Ridhwani asimame. Akashuka. Mlima uliokuwa umemeguka kando ya barabara ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mwekundu kupita alivyokumbuka, mbichi na wenye unyevu, kama mnyama aliyechunwa ambaye bado anapumua. Alitaka kufurahi, lakini miguu ilimrudisha nyuma.

Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja. Mlima ukawa majivu; jicho la kulia lilikuwa bado halijapona. Akafunika la kulia, wekundu wa nyama ukarudi. Kushoto, kulia. Kimoja kati ya hivyo viwili ndicho kilichokuwa pale mbele yake kweli, na alijua ni kipi. Hata hivyo alibaki amesimama, akibadilisha kiganja, hadi Ridhwani alipopiga honi.