Sema Shida Yako Hapo Langoni

Mimi ni Mado, ninapika kwa patroni mumoja hapa Kasongo, mutu wa biashara ya zahabu ya Salamabila. Nyumba yake ni ya ghorofa, na toka mwaka huu kuta zake zina macho. Aliyezitia macho ni Asani, fundi wa Nyangwe. Nataka kumusema yeye, juu ya vile sokoni wanasema ati hana moyo, ati hakwenda kumuzika mama yake. Midomo ya watu jamani!

Asani alianza na paneli za jua. Kisha akajifunza kupachika tablete ukutani: moja sebuleni, moja jikoni kwangu, moja chumbani. Unagusa, taa inawaka. Unagusa tena, unamuona aliye langoni, unasema naye bila kuinuka. Mulinzi akafukuzwa, ati kazi yake imekwisha. Nikauliza, na nyinyi miguu yenu imekwisha pia? Patroni akacheka. Madame, bibi yake, hakucheka.

Asani hakuwa mutu wa maneno mengi. Anatoboa, anapuliza vumbi, anapitisha nyaya ndani ya ukuta, anafunika, unadhani tablete imeota hapo. Nikimuletea bugali na sombe ya majani ya muhogo anakula amesimama. Mama yake alikuwa mugonjwa kule Nyangwe, na yeye alitaka kumuleta hopitali. Kila asubuhi ninamuuliza, "Mama je?" Ananijibu, "Iko vizuri kidogo." Patroni alimuambia amalize kazi kwanza, na simu aizime akiwa kazini. Akakubali. Hapo nina hasira nao wote wawili, siifichi.

Siku hiyo ninatwanga sombe, tablete ya jikoni ikalia. Nikaona mwanaume amejaa vumbi la pikipiki mpaka kwenye kope. Asani akaja kuangalia.

"Ni Hamadi, mudogo wangu," akasema. Akagusa kioo. "Hamadi, kuna nini?"

Hamadi akasema tu, "Unifungulie, kaka. Nikae."

Sasa kwetu, awe Mukristo awe Mwislamu, habari ya kifo haisemwi langoni, wala haisemwi kwa simu. Mwenye kuibeba anaingia, anaketi chini, anapewa maji, ndipo anafungua kinywa. Nikamuangalia Asani. Alikuwa amekwisha kujua. Akafuta kioo kwa mukono wa shati, polepole, kama vile kazi iliyobaki ni hiyo, halafu akafungua lango.

Hamadi akaketi kwenye sakafu ya jikoni, Asani naye. Nikamupa maji, akanywa yote.

"Mama ametutoka," akasema. "Tumekwisha kumuzika, kaka. Jana jioni."

"Bila mimi?"

"Asubuhi ya jana nilikuja kukuchukua. Simu yako haikushika. Nikabonyeza hapo langoni, mwanamuke akaniuliza shida yangu nini. Nikasema nataka kukaa na Asani. Akasema, sema hapo hapo. Ningesema namna gani? Kwa ukuta? Nikangoja inje, hakuna aliyefungua. Nikarudi, juu maiti haikuweza kungoja."

Mimi, niliyekuwa sokoni saa hiyo ya jana, nilipiga mayowe. Asani, hapana. Macho makavu, mikono imelala magotini. Nikamushika bega, ikawa kama ninashika meza. Iliniuma, na inaniuma bado.

Madame akashuka sababu ya mayowe. "Ee, pole sana," akasema. "Lakini yule mutu alikataa kusema shida yake. Ningejua namna gani?" Nikageukia kinu changu, ningetukana.

Asani akainuka, akaenda kwenye tablete. Ile kitu inatunza picha na sauti ya kila anayebonyeza langoni, yeye mwenyewe ndiye aliyeipanga hivyo. Akatafuta za jana. Tukamuona Hamadi amesimama juani, kofia mukononi, anaangalia chini. Tukamusikia madame: "Asani iko na kazi. Sema shida yako." Na nyuma ya sauti ya madame, karibu kabisa, mashine ya Asani ilikuwa inatoboa ukuta.

Asani akairudisha mwanzo, akasikiliza tena.