Makohozi Yenye Marashi

Bi Raihana wa Mambrui alikuwa hodari wa vigelegele. Harusi isiyo na ulimi wake ilionekana kama maziko. Basi kikohozi kilipomshika, akakaa nacho wiki baada ya wiki huku akisingizia moshi wa udi. Jasho la usiku alililaumu joto. Alipokonda hata buibui likampwaya, akafurahi: "Nimerudi usichana!"

Siku kigelegele chake kilipogeuka kikohozi kisichokoma mbele ya bibi harusi, bintiye Sahla alimkokota hadi zahanati. Daktari akampa kikopo.

"Mama, kesho asubuhi ukohoe humu, makohozi yatoke kifuani hasa. Tutapima kifua kikuu."

Yeye apeleke uchafu kwa watu? Labda wengine! Asubuhi alisukutua kwa maji ya iliki, akatema kijimate kwa haya, akatia matone ya marashi, kisha akakifunika kikopo kwa kitambaa cha kufuma.

Daktari akafunua, akanusa. "Mama, haya ni makohozi au sharubati?"

"Adabu huna, mwanangu!" akafoka Bi Raihana. "Mimi nimelelewa, mimi nime..." Kikohozi kikamkaba, kikapanda na zigo lake lote. Daktari akawahi kumkingia kikopo kingine.

Kifua kikuu kikaonekana. Alimeza dawa miezi sita mpaka akamaliza, na vigelegele vikarudi. Siku hizi akisikia mtu anakohoa harusini, humvuta kando.

"Kimepita wiki mbili hicho? Nenda kapimwe. Na marashi uyaache nyumbani."