Miezi Saba Bila Amina

Baba alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakampotea yote. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mtu ambaye akienda sokoni alichukua saa nzima kwa kusalimiana njiani tu. Tulimrudisha nyumbani Kimara akiwa anatutazama. Macho yalielewa kila kitu, mdomo hautoi hata "ndiyo".

Mie ndiye kitindamimba wao. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na kazini. Nikafunga mizigo, nikarudi kumsaidia mama.

Kila asubuhi kabla sijatoka tulikaa watatu sebuleni. Mama alimshika baba mkono ule uliolegea, akaomba kwa maneno yake mwenyewe, taratibu, kwa lafudhi yake ya Bukoba ambayo miaka yote ya Dar haijaigusa. Aliwaombea wagonjwa wa wodi tuliyotoka, akawaombea dada zangu, akamwombea hata mama wa Kiarabu mwenye duka la jirani, aliyekuwa akituletea kaimati kila Ijumaa na kusema naye anamfanyia mzee dua. Akifika "kwa jina la Yesu Kristo", alinyamaza. Amina alimwachia baba.

Tulingoja. Baba alihangaika na midomo mpaka jasho likamtoka. Sauti haikuja.

"Haya, Mwalimu," mama alimpapasa bega. "Tutamalizia kesho." Kisha akaenda kukoroga uji.

Siku moja nilikuwa nachelewa kazini, nikaisema ile Amina mwenyewe ili niondoke. Mama alinitazama. "Hiyo si yako," alisema.

Mwezi wa tano tangu baba augue, uvumilivu ukaniisha. Nilimfuata jikoni nikafunga mlango. "Mama, hospitali walituambia wengine huwa hawaongei tena. Kila siku unamtesa. Huoni anavyoumia?"

"Naona."

"Sasa mbona unaendelea?"

Alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa. "Mwanangu, mie siku nyingine naomba na moyo wangu mkavu kabisa. Sisikii kitu. Lakini nikiacha, baba yako atajua nimekata tamaa. Atajua siku hiyohiyo."

Nilikuwa nikidhani mama anaomba kwa sababu hana wasiwasi.

Mwezi wa saba wa ugonjwa wake, mama naye akashikwa na malaria. Asubuhi ile alishindwa kuinuka. Akaniita chumbani, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. "Nenda ukaombe na baba yako."

"Mama, mie sijui kuomba kama wewe."

"Nani kakwambia uombe kama mie?"

Nikaenda. Nilimshika baba mkono, nikaanza kwa kubabaika. Niliwataja dada zangu, majirani, wagonjwa, nikamtaja yeye mwenyewe. Nilikuwa na hofu ya homa ya mama kiasi kwamba nilikimbilia mwisho. Nikasema "kwa jina la Yesu Kristo", nikanyamaza kama tulivyozoea.

Baba akatikisa kichwa. Akanyoosha ule mkono wake mzima kuelekea mlango wa chumbani, midomo inacheza, shingo imemkaza.

"Na... mama."

Nilimsahau mama. Katika watu wote niliowataja, nilimsahau yeye.

Nililia kwa sauti hata mama akatoka, amejifunga khanga kifuani, anajishikilia ukutani, akidhani kuna baya. "Kuna nini?"

"Baba kaongea! Kakutaja wewe!"

Mama aliketi sakafuni palepale, akaegemea goti la baba. Hakupiga vigelegele. Baba alimwekea mkono kichwani, akarudia, safari hii kwa urahisi kidogo: "Mama." Tulikaa hivyo mpaka mama akasema nimwombee sasa, homa inampanda. Nikaomba tena, sentensi moja tu, na kumpeleka zahanati.

Amina ilikuja wiki tatu baadaye, imekatika vipande viwili. Leo baba ana maneno ya kutosha kumsalimia mtu na kukataa uji usio na sukari. Mguu bado anauburuta, na kusoma hajarudia. Mama anaendelea kuomba kila asubuhi. Mie nimepanga tena karibu na kazini; juzi nilikwenda kuwaona nikawakuta wanabishana katikati ya sala: baba alitaka mvua, mama alikuwa ameanika mahindi.