Kisima cha Jineri

Nilipokuwa mtoto, hakuna aliyepita nyuma ya jineri bila tawi mkononi. Jineri ndilo jina tulilokipa kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, karibu na kwetu Molo, upande wa Tororo: kuta ndefu zilizoota ukoga, madirisha bila vioo, bomba la moshi lililoinama. Injini yake ya mvuke iling'olewa kabla sijazaliwa. Tuliambiwa amebaki fundi wake, aliyefia pale na hakuzikwa ipasavyo.

Siku moja nilipita hapo na nyanya yangu tukitoka kuokota kuni, nikasahau tawi. Alinishika sikio.

"Wewe unapita mutu hivihivi? Funika yeye!"

"Yuko wapi, nyanya?"

"Kama unataka kuona yeye, endelea kuuliza."

Nilivunja tawi la mpera, nikalitupa kwenye lundo la matawi lililokuwa hapo, nikatimua mbio.

"Kumbe miguu unayo!" alicheka nyuma yangu. "Na asubuhi ulisema inauma!"

Wote tulitupa. Matawi yalioza, magugu yakatambaa juu yake, tukatupa mengine. Hiyo tuliiita heshima.

Nilikwenda chuo kikuu, nikasomea uhandisi, nikaona hadithi ya fundi ni ya kuwachekesha wageni. Mgeni niliyependa zaidi kumchekesha alikuwa mke wangu, Nabwire, Msamia wa Masinya. Alipiga picha majengo yaliyokuwa yakiogopwa: maghala ya reli mjini Tororo, maduka yaliyofungwa Busia, pande zote mbili za mpaka. Alisema jengo likishaogopwa hakuna anayelitengeneza, basi angalau libaki kwenye picha. Mwaka jana, mchana kweupe, nilimpeleka jineri.

"Injinia, tusitupe tawi?" aliniuliza. "Mimi mgeni kwa mizimu yenu. Isije ikanidai adabu."

"Piga picha, mama. Hakuna kitu hapa."

Alitaka bomba lote liingie kwenye picha. Akarudi nyuma, jicho kwenye kamera, hatua moja, kisha nyingine. Magugu yalimbeba kwa nukta moja, halafu yakafunguka. Chini ya lundo kulikuwa na kisima kilichochimbwa kwa ajili ya maji ya injini. Tulimtoa jioni, amekwisha kufa.

Baada ya mazishi nilimwendea jirani yetu, kikongwe aliyekuwa rafiki wa nyanya yangu. Nyanya mwenyewe alikwisha fariki.

"Nyanya, mlijua kuna kisima pale?"

"Tulijua. Fundi alianguka humo. Wakubwa wote walijua."

"Mbona hamkusema?"

Alinitazama kama mtu aliyeonewa. "Tulisema, mjukuu wangu. Kila siku tulisema."

Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu wa umri wake.

Mabati mawili na mawe machache yangetosha. Kijiji kizima kilikuwa na mabati. Badala yake tulichukua kifo cha mtu, tukakigeuza mzimu, kisha kwa adabu zetu zote tukafunika mdomo wa shimo mpaka likafanana na ardhi. Onyo la nyanya lilikuwa la kweli, na hilo ndilo linalonichoma. Uongo mtupu ningeusamehe.

Nimekifunika kisima kwa zege. Waombolezaji bado wananiambia kwamba fundi alitaka mwenzake. Wanasema kwa upole, wakidhani wananifariji, nami huuma meno nikawashukuru.

Ningepata nafuu kumkasirikia mtu mmoja. Lakini injini ya namna ile haiendi bila maji. Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza. Wao waliogopa bila kueleza. Mimi niliacha kuogopa bila kuuliza maji yalitoka wapi, na ni mimi niliyemshika Nabwire mkono kumfikisha pale.