Paini Iliyopindisha Mistari ya Chai

Kila asubuhi fundi wangu akianza kupiga randa ubao wa paini, harufu yake hunifikia kabla sijafungua dirisha. Ni harufu kali ya utomvu, yenye utamu kidogo. Wateja husema inawaumiza kichwa. Mimi hunirudisha kwetu, juu ya Nyaramba, nikiwa msichana wa miguu mitupu aliyepiga magoti mbele ya mti mdogo unaokufa.

Niwaambie wazi, shule niliiacha darasa la tatu, nikaitwa nyumbani kulea mtoto wa mama. Yadi hii ya mbao hapa Kisii nimeijenga mwenyewe. Anayetaka kunifundisha habari za paini aje, nitampa kiti akae anisikilize.

Mti ule ulikuwa wa kaka yangu Nyakundi. Shuleni waligawiwa miche wakapande nyumbani. Nyakundi hakuwa na haja na mti, alitaka ile karatasi nyeusi ya plastiki uliyofungiwa, maana mpira wetu wa karatasi ulikuwa umefumuka. Akaipasua njiani, akakung'uta udongo wote, akautupa mche kwenye nyasi, mizizi uchi. Nikauokota, nikaupanda kwenye kona ya chini ya shamba la baba.

Sasa mnielewe. Kwetu Gusii enzi hizo msichana hakupanda mti. Alipanda managu na chinsaga, mboga za kuvunwa zikaisha. Mti ulikuwa wa mtu wa kukaa. Nyakundi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Moraa, si utaolewa? Ama huo mti utaubeba mgongoni?"

Baba hakucheka. Kona ile alikuwa ameipangia chai. Aliutazama mti, akanitazama na mimi.

"Mvua kubwa ikianza napanda chai hapa," alisema. "Nikiukuta na uhai, tutaona. Nikiukuta hivi ulivyo, nang'oa."

Alisema hivyo kwa sababu ulikuwa umeshaanza kubadilika. Mimi niliutunza vile mama alivyotunza ndizi. Niliurundikia samadi mbichi mpaka shingoni, nikaufunika kwa majani ya mgomba, na jioni nikaumwagia maji. Ndizi ukiifanyia hivyo inanenepa. Paini ikageuka manjano kuanzia nchani, na majani yake ya chini, yale membamba kama sindano, yakawa rangi ya kutu. Nikiyagusa yananibakia mkononi. Nilipofukua samadi nikakuta gome la shingo limelainika kama mkate uliolowa. Niliogopa sana. Nikaiondoa samadi yote kwa vidole, nikaacha shingo ipigwe na upepo, maji nikasimamisha. Gome likakauka.

Lakini mti haukupona. Ulisimama tu, haufi wala haukui, manjano iliyochanganyika na zambarau, kama mtoto anayelishwa na hashibi. Kila asubuhi kabla ya kwenda mtoni niliuendea. Niligeuza majani nione kama kuna wadudu, nikabonyeza gome, nikatazama kilele kama kimesogea. Hakikusogea. Na mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika.

Sabato moja, ibada ilipoisha, wakubwa wakiwa katika zile salamu zao zisizo na mwisho, niliingia chini ya paini kubwa zilizozunguka kanisa. Nikaona vipaini vidogo vilivyojiotea. Udongo ule ulikuwa mkavu, hakuna aliyewahi kuvipa samadi wala maji, lakini vilikuwa kijani mpaka nikaona wivu. Nikachokora chini ya kimoja. Ilinijia harufu ya uyoga, kisha nikaziona: nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui, zimeizonga mizizi ya kile kidogo, zimeenda zikapotea gizani, upande wa mti mkubwa. Sikujua ni kitu gani. Nilijiona kama mtu aliyefunua pazia la nyumba ya watu akawakuta wanakula.

"Moraa! Unachimba siku ya Sabato?"

Ilikuwa sauti ya mzee wa kanisa, Biblia kwapani.

"Sichimbi, mzee. Naangalia."

"Unaangalia na kucha?"

Nikaficha mikono mgongoni. Alijitia ukali, lakini ndevu zilikuwa zinacheka. "Leo Mungu alipumzika. Na huo udongo uache upumzike. Kesho utaukuta hapo hapo."

Jumapili, umande haujakauka, nikaja na karai. Nikalijaza, nikalibeba kichwani hadi kwenye kona yangu, nikauzika udongo ule kando ya mizizi ya mti wangu. Nyakundi aliniona.

"Mama, njoo uone! Moraa anapelekea udongo udongo!"

Mvua kubwa ikafika. Baba akateremka na jembe, miche ya chai na ile kamba yake ya kunyooshea mistari. Nilisimama mbele ya mti niufiche, maana mwili wake ulikuwa bado manjano. Baba akanisogeza pembeni, akainama. Kileleni kulikuwa na chipukizi, kubwa kama kidole cha mtoto mchanga, kijani ambayo sijaiona tena. Aliigusa kidogo tu. Akachukua kamba, akauzungushia ule mti.

Mistari ya chai ya baba ilisifiwa kwa kunyooka. Pale ilifika ikapinda, ikaacha nafasi wazi, pana kuliko mti wowote unavyohitaji. Nikafikiri mzee amekosea kupima.

Miaka ikapita. Mtu wa misitu aliwahi kunieleza kwamba zile nyuzi ni jamii ya uyoga, ndizo hulisha mizizi ya paini, na bila shaka ndizo Nyakundi alizozikung'uta njiani kwa ajili ya mpira. Sawa. Nilizijua kabla yake.

Lile jingine lilinichukua muda zaidi. Baba alipofariki, nilikuwa nimeolewa, nimeachika, nimerudi na watoto. Wazee wakaja kugawa shamba. Wana wa kiume wote wakapata. Likaulizwa jina langu, watu wakatazama viatu. Mzee mmoja akateremka na mistari ya chai mpaka kwenye kona, akasimama chini ya paini.

"Huyu mtu alipinda chai yake hapa kwa nini?"

Akajibu Nyakundi, yule yule. "Hapo ni kwa Moraa. Baba alipima mwenyewe."

Nyumba yangu iko hapo, imeenea vizuri ndani ya ule mviringo. Na mimi, miaka yote ile, nilidhani baba alikuwa anaupisha mti.