Shemeji Alipokataa Chakula

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, hakujaliwa mtoto, lakini ukimsikia akisimulia ya kazini ungedhani ana ukoo mzima wa kulisha. "Leo Shemeji kamwibia Bibi Harusi mfupa," anasema huku akivua mabuti ya mpira mlangoni. "Babu yeye kanuna tu." Hao wote ni mbwa. Alikuwa mtunza mbwa kwenye banda la majaribio la kiwanda cha chakula cha mbwa na paka, na kazi aliipata kwa mdogo wake wa kiume, msimamizi wa banda hilo.

Huyo mjomba wangu alilelewa na mama mkubwa. Bibi, mama yao, alipougua, dada mtu ndiye aliyembembeleza mdogo wake kula, tonge kwa tonge, maana alikuwa mtoto wa kuchagua chakula kama mkaguzi wa serikali. Sisemi haya kumsimanga. Au tuseme namsimanga, anastahili.

Majaribio yenyewe yalikuwa mepesi: mabakuli mawili chini, mbwa achague. Mama mkubwa aliipenda kazi hiyo. Alisema hajaona kazi nyingine ambayo mtu analipwa kutazama wenzake wakila.

Kisha kikaja chakula kipya, cha rangi ya udongo. Mbwa wakanusa, wakageuza vichwa. Shemeji, ambaye angekula hata ufagio, alilisukuma bakuli kwa pua mpaka ukutani. Mjomba akaja kusimama nje ya wavu.

"Dada, hebu walishe kwa mkono."

"Wamekataa, mwanangu. Mbwa akikataa ana sababu."

"Ni harufu ya vitamini tu. Wewe wanakuamini bwana. Mimi wakiniona wanajificha."

Alimvika kilemba cha ukoka, na dada mtu akakivaa. Akachuchumaa kwenye sakafu ya saruji, akachota kiganjani. "Haya, Shemeji, kwa ajili yangu." Shemeji akamtazama usoni, akala. Wenzake wakafuata.

Haukupita muda wakaanza kutapika. Bibi Harusi alikufa asubuhi moja, kichwa amekilaza juu ya buti la mama mkubwa. Maskini mama mkubwa, alikimbia ofisini akilia, akidhani anapeleka habari. Mjomba hakushtuka. Aliuliza tu kama mbwa alikuwa bado anakunywa maji kabla ya kufa, akaandika.

"Kumbe ulijua?"

"Tulihisi. Kuna unga wa nyama tuliuziwa, tukawa na wasiwasi nao. Ndiyo maana ya majaribio, dada. Afadhali hawa kuliko mbwa wa watu majumbani."

"Kwani hawa si wa mtu?"

Mjomba akaendelea kuandika.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia usingewalisha."

Nimeigeuza hoja yake mara nyingi kichwani, na si hoja ya kijinga. Mimi mwenyewe nina paka, namnunulia chakula cha mfuko, na sijawahi kuuliza nani alikionja kwanza. Lakini wale mbwa walikuwa wameshajibu kwa pua zao. Mjomba akatafuta mkono wa kuwabadilishia jibu, na katika mikono yote akachagua uliomlea. Wanaosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Mama mkubwa aliacha kazi, akaondoka na Shemeji aliyepona nusu. Hakuna aliyemzuia, mbwa wa namna ile hafai tena kwa majaribio. Nyumbani kwetu Shemeji anakula. Anakula nikimpa mimi, anakula cha sakafuni, anakula hata cha jirani. Ila mama mkubwa akimnyooshea kipande cha nyama safi, anatikisa mkia kwa heshima, kisha anageuza kichwa. "Mwache, ana haki yake," mama mkubwa husema. Anaiweka nyama chini, anatoka, ndipo mbwa anakula.

Jumapili mjomba alikuja na hotipoti ya chakula. Alipakua mwenyewe, akaketi karibu na dada yake kwenye kochi, akachota kijiko na kukisogeza mdomoni mwake, kama alivyokuwa akifanyiwa utotoni.

"Dada, kula basi. Hata kidogo, kwa ajili yangu."

Mama mkubwa alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, mimi najua. Alimtazama mdogo wake usoni, akamtazama sana, halafu akageuza kichwa.

"Nimeshiba, mwanangu," akasema.